Tumbo la chini kujaa na mzunguko wa hedhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanawake na wasichana wanaoona tumbo likijaa, likibana au likiunguruma karibu na siku zao. Neno litakalorudi mara nyingi ni tarehe. Tumbo linalojaa na kupungua kwa kufuata kalenda ya hedhi kwa kawaida halina ubaya. Lisilojali kalenda ndilo la kupelekwa likapimwe.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini tumbo la chini hujaa siku chache kabla ya hedhi?

Sababu ni mbili, na mara nyingi huja pamoja. Yai likishapevuka, ovari hutoa homoni ya projesteroni kwa wingi. Kazi yake ni kutuliza misuli ya kizazi ili mimba ikitunga isisumbuliwe, lakini misuli ya utumbo ni ya jamii hiyohiyo, nayo hulegea. Chakula hukaa utumboni muda mrefu zaidi, bakteria hupata nafasi ya kukichachusha, gesi huongezeka na choo hukauka.

Sababu ya pili ni maji. Homoni za nusu ya pili ya mzunguko huufanya mwili uzuie chumvi, na chumvi inapobaki, maji hubaki nayo. Ndiyo maana pete hubana, matiti huuma na sketi iliyokuwa inafungika vizuri wiki iliyopita inagoma.

2. Hali hii huanza siku ya ngapi na kuisha lini?

Siku ya 1 ni ile damu inapoanza kutoka kwa wingi wa kuhitaji pedi. Matone ya kahawia ya siku iliyotangulia hayahesabiwi. Kutoka yai kupevuka hadi hedhi inayofuata kwa kawaida ni kama siku 14, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 28 hupevusha karibu na siku ya 14, na mwenye mzunguko wa siku 35 karibu na siku ya 21. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu: wanaambiwa "siku ya 14" kana kwamba wanawake wote wana mzunguko mmoja.

Wengi huanza kuhisi tumbo kujaa siku 3 hadi 7 kabla ya damu. Hali hufikia kilele siku ya 1 ya hedhi, kisha hushuka na kuisha kati ya siku ya 3 na ya 5. Kuna pia wanaopata maumivu ya upande mmoja katikati ya mzunguko, ya saa chache hadi siku 2. Hayo ni ya yai kutoka, na mwezi unaofuata yanaweza kuhamia upande wa pili.

3. Nitajuaje kama ni gesi, maji, au kuna uvimbe?

Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa hudanganya. Lala chali, kunja magoti, legeza tumbo. Weka kidole cha kati juu ya tumbo na ukigonge kwa kidole cha mkono mwingine, ukianzia kitovuni kushuka hadi kinenani. Tumbo la gesi hulia kama ngoma, na ukijamba au ukipata choo hupungua. Maji ya hedhi hayana mlio wa pekee. Huonekana zaidi kwenye vidole, miguu na matiti, na alama ya soksi au mkanda huchelewa kufutika.

Ukigusa kitu kigumu kama embe bichi kinachoinuka kutoka kinenani, na asubuhi kabla ya kula bado kipo, hiyo si gesi. Inaweza kuwa mimba, uvimbe wa kizazi au uvimbe wa ovari. Nenda ukapimwe hata kama hakiumi.

4. Mizani inasema nimeongeza kilo 2 ndani ya wiki. Nimenenepa?

Hapana. Ongezeko la nusu kilo hadi kilo 2 kabla ya hedhi ni maji, pamoja na choo ambacho hakijatoka. Ukitaka kulinganisha uzito mwezi hadi mwezi, jipime kati ya siku ya 6 na ya 10, asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya chai.

5. Jana sikupata choo, leo damu imeanza na naharisha. Nimekula nini kibaya?

Huenda hukula chochote kibaya. Hedhi inapokaribia projesteroni hushuka ghafla, na ukuta wa kizazi hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini ili kizazi kijikaze na kusukuma damu. Kemikali hizo huufikia utumbo pia, nao hujikaza. Choo laini mara 2 hadi 4 siku ya kwanza na ya pili ni jambo la kawaida. Ukiona damu ndani ya choo chenyewe, homa, au kuharisha kunakopita siku 3, hiyo ni habari nyingine. Tafuta kipimo cha choo.

## Kuweka kumbukumbu

6. Niandike nini, na kwa muda gani?

Mizunguko 2 kamili inatosha kuanza, 3 ni bora. Daftari la shule linafaa kuliko kumbukumbu ya kichwa, kwa sababu siku ambayo tumbo halikusumbua husahaulika, na siku hizo ndizo zenye jibu. Pima kwa futi ya fundi cherehani juu ya kitovu, asubuhi na jioni, ukiwa umesimama na umepumua nje. Mistari ya daftari inaweza kuwa hivi:

Siku ya 9: asubuhi sm 82, jioni sm 84. Choo mara 1. Hakuna shida.
Siku ya 25: asubuhi sm 84, jioni sm 89. Choo hakuna siku 2. Usiku makande.
Siku ya 1: asubuhi sm 86, jioni sm 87. Choo laini mara 3. Maumivu 7 kati ya 10, ibuprofeni mara 2.
Siku ya 5: asubuhi sm 82, jioni sm 84. Shwari.

Tofauti ya asubuhi na jioni ni ya kila mtu, kwa kuwa chakula na gesi hujikusanya mchana kutwa. Linganisha asubuhi na asubuhi. Hapo juu, asubuhi ya siku ya 5 imerudi palepale pa siku ya 9, na hiyo ndiyo sura ya tumbo la hedhi. Namba ya asubuhi ikipanda mwezi huu, mwezi ujao ikapanda tena bila kushuka, soma swali la 15.

## Chakula na vinywaji

7. Ni vyakula gani vinavyozidisha?

Wa kwanza kushtakiwa huwa maharage, lakini mkosaji mkubwa wa wiki hiyo ni chumvi iliyojificha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa milo yote pamoja. Vidonge vya supu, chipsi za kunyunyizia, soseji, samaki wa ng'onda, karanga za chumvi na achari vinaweza kumaliza kiwango hicho kabla hujagusa chakula cha usiku. Magadi yanayotiwa kwenye maharage au mlenda nayo yana sodiamu, ingawa hayana ladha ya chumvi kali.

Kwa upande wa gesi: kabichi, vitunguu vingi vibichi kwenye kachumbari, soda, bazoka na maziwa mabichi ya glasi nzima. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki hawasagi vizuri sukari ya maziwa. Mtindi huwasumbua kidogo kwa sababu sehemu ya sukari hiyo imeshaliwa na bakteria wake. Huna haja ya kuacha vyote. Ondoa kimoja kwa mzunguko mmoja, uangalie daftari linasemaje.

8. Maharage niache kabisa?

Usiache, ni chakula cha maana, hasa kwa anayepoteza damu kila mwezi. Badilisha upishi tu. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, chemsha dakika 10 kwa maji mapya, mwaga tena, kisha pika hadi yapondeke kwa kidole. Sukari zinazoleta gesi huyeyuka ndani ya maji unayomwaga. Wanaopika kwa maji ya kulowekea ili "kubakiza vitamini" ndio wanaolalamika usiku.

9. Nikinywa maji mengi si ndiyo nitazidi kuvimba?

La. Figo zikipata maji ya kutosha huachia chumvi kwa urahisi zaidi, na choo hulainika. Lita 2 hivi kwa siku, zaidi kidogo kwenye joto la Pwani, zinatosha. Kunywa kidogokidogo. Kugugumia chupa nzima kwa mkupuo humezesha hewa.

10. Mwezi wa Ramadhani tumbo linanisumbua zaidi. Kwa nini?

Utumbo uliopumzika mchana kutwa hupokea kwa nusu saa tende, uji, sambusa, bajia, kaimati na juisi ya sukari. Ukiwa kwenye wiki ya kabla ya hedhi, ambapo utumbo tayari ni mzito, gesi haina pa kupita. Futuru kwa tende na maji, kaswali, ndipo ule, na vya kukaanga viwe kidogo. Tembea dakika 15 hadi 20 kabla ya kulala. Hedhi ikiingia hufungi, kwa hiyo siku hizo ule milo midogo ya kawaida mchana. Wengine hujizuia kula kwa kuona haya mbele ya kaka na baba, halafu hula kwa pupa usiku.

## Dawa na tiba za nyumbani

11. Dawa gani inafaa kwa maumivu na kubanwa?

Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, dakika 15 hadi 20 juu ya kinena, hulegeza misuli ya kizazi kweli. Ijaribu kwanza.

Kama haitoshi, ibuprofeni ndiyo inayolenga prostaglandini zilizotajwa kwenye swali la 5. Mtu mzima hutumia mg 400 kila baada ya saa 8, akiwa amekula, kwa siku 2 au 3, bila kuzidi mg 1200 kwa siku. Kosa la kawaida ni kungoja maumivu yapande ndipo umeze. Dawa hii huzuia kemikali isitengenezwe, haiifuti iliyokwisha tengenezwa, basi anza mara dalili za kwanza zinapoonekana. Haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na aspirini, mjamzito, wala anayeshukiwa kuwa na dengue. Hao watumie parasetamoli: mg 500 hadi 1000 kila baada ya saa 6, isizidi mg 4000 kwa siku.

Ibuprofeni yenyewe huweza kuzuia maji mwilini kidogo. Tumbo lako likijaa bila kuuma, usiimeze.

12. Na Eno, dawa za gesi, makaa, Lasix, chai za kusafisha tumbo?

Eno na jamaa zake hupunguza asidi ya tumbo la juu. Kwa tumbo la chini huongeza gesi na sodiamu. Simethikoni huvunja mapovu, haina madhara makubwa, ila usitarajie miujiza. Vidonge vya makaa hunyonya dawa nyingine pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo mwenye kutegemea vidonge hivyo asivichanganye.

Lasix ni dawa ya moyo na figo. Kuimeza ili gauni likae vizuri harusini hutoa maji pamoja na potasiamu, na potasiamu ikishuka sana moyo hupiga ovyo. Chai nyingi za "kutoa sumu" zina sena, ambayo ni dawa ya kuharisha: tumbo hupungua siku moja, husokota siku mbili, na ukizoea utumbo unaweza kugoma bila hiyo.

13. Nimeambiwa nina chango. Ni nini hasa?

Chango, au chango la uzazi, ni jina la zamani la maumivu ya tumbo la chini kwa mwanamke. Ndani ya jina hilo moja huingia maumivu ya kawaida ya hedhi, uvimbe wa kizazi, endometriosisi (tazama swali la 19), maambukizi ya nyonga, hata minyoo. Bibi aliyelitumia hakukosea, alitaja mahali panapouma. Anayekosea ni muuza dawa anayelifanya ugonjwa mmoja wenye chupa moja ya tiba.

Tangawizi iliyochemshwa, kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwa vikombe 2, haina neno na huwapunguzia baadhi maumivu. Kuingiza ukeni kitunguu saumu, unga wa mizizi au vidonge vya "kusafisha kizazi", hapana kabisa. Huua bakteria wazuri wa uke, hukwaruza, na hufungulia njia maambukizi yanayopanda hadi kwenye mirija.

## Uzazi wa mpango na mimba

14. Njia ya uzazi wa mpango inaweza kuwa ndiyo sababu?

Inaweza. Vidonge vyenye homoni mbili huzuia maji kwa baadhi ya watumiaji, hasa miezi 3 ya mwanzo, kisha hali hutulia. Sindano ya miezi 3 na vijiti vinaweza kuvuruga hedhi au kuikata, hivyo kalenda ya swali la 2 haifanyi kazi, na kwa sindano wapo wanaoongezeka uzito wa kweli, si wa maji. Kitanzi cha shaba hakina homoni, lakini huongeza damu na maumivu ya hedhi, mara nyingi kwa miezi 3 hadi 6. Maumivu mapya pamoja na homa baada ya kuwekewa kitanzi hayasubiri miezi hiyo.

15. Tumbo limejaa lakini hedhi haijaja. Nifanye nini?

Pima mimba kabla ya kumeza chochote. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi kuanzia siku hedhi ilipotakiwa kuanza, na usome jibu kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Mstari wa pili hata ukiwa hafifu ni mimba. Ukitokea mmoja na hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki.

Kipimo kikiwa chanya na una maumivu makali ya upande mmoja, matone ya damu, kizunguzungu au maumivu ya ncha ya bega, nenda hospitali saa hiyohiyo. Hiyo huwa sura ya mimba iliyotunga nje ya kizazi, nayo huua kwa kuvuja damu ndani.

Na kama si mimba, ila tumbo limejaa karibu kila siku kwa zaidi ya wiki 3, unashiba kwa matonge machache na unakojoa mara kwa mara, omba ultrasaundi. Saratani ya ovari huanza na dalili ndogo hizihizi, hasa kwa wenye miaka 50 na zaidi.

## Hospitalini

16. Ni dalili gani nyingine zisizongoja miadi?

Maumivu ya ghafla yenye kutapika, ambayo yanaweza kuwa ovari iliyojisokota. Homa pamoja na uchafu wenye harufu. Tumbo gumu kama ubao lisilotaka kuguswa. Kukosa choo na hata kujamba huku ukitapika. Kulowesha pedi nzima kila saa kwa saa 2 mfululizo.

17. Ultrasaundi imeonyesha "maji kidogo nyuma ya kizazi" na "uvimbe wa maji wa sm 3". Nitapasuliwa?

Karibu hakika hapana, kama bado unaona hedhi. Kila mwezi yai hukua ndani ya kifuko cha maji chenye sm 2 hadi 2.5, na kinapopasuka maji yake humwagika nyuma ya kizazi. Kifuko cha maji matupu kisichofikia sm 5 mara nyingi huondoka chenyewe ndani ya mizunguko 2 au 3. Kikihitaji kuangaliwa tena, fanya hivyo wiki 6 hadi 12 baadaye, mara tu hedhi inapoisha. Ukirudi wiki moja kabla ya hedhi huenda ukaonyeshwa kifuko kingine kipya na kuogopa upya. Uvimbe wenye vipande vigumu ndani, au unaokua, hufuatwa kwa njia nyingine.

18. Kila mwezi naambiwa nina UTI na kupewa antibayotiki. Ni sawa?

Shuku. Mkojo uliochanganyika na damu ya hedhi au ute huonyesha chembechembe nyingi kwa hadubini, na jibu huandikwa haraka. UTI ya kweli huleta mkojo unaochoma na haja ya kila dakika. Omba mkojo uoteshwe maabara kabla ya dozi ya tatu: jisafishe, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati. Kwa waliokulia kando ya mito, mabwawa na mashamba ya mpunga, kama Pemba na Unguja, kichocho cha njia ya mkojo na uzazi kikumbukwe pia. Antibayotiki hazikigusi. Dawa yake ni prazikwanteli.

19. Vipimo vyote ni safi lakini kila hedhi nalala kitandani.

Hapa fikiria endometriosisi, ambapo tishu inayofanana na ukuta wa ndani wa kizazi huota nje yake, hata juu ya utumbo. Ultrasaundi ya kawaida mara nyingi haiioni, basi jibu safi halimaanishi unajisingizia. Kinachofanya ishukiwe ni maumivu wakati wa kujamiiana, maumivu wakati wa choo yanayozidi siku za hedhi, na maumivu yanayoongezeka mwaka hadi mwaka. Peleka daftari la swali la 6 kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Kurasa mbili za tarehe humwonyesha haraka kile ambacho maelezo ya mdomo huchelewa kukitoa.

## Hali zisizo za kawaida

20. Binti ana miaka 15, hajawahi kuona damu, lakini kila mwezi tumbo linamuuma na sasa limejaa.

Mpeleke hospitali wiki hii. Kama matiti yameshaota, inawezekana hedhi inatoka kizazini lakini njia imezibwa na utando, na damu inajikusanya ndani mwezi baada ya mwezi. Upasuaji wake ni mdogo. Kumshuku mimba na kumpiga kabla ya kipimo ni dhuluma inayotokea.

21. Nina miaka 46, mzunguko umevurugika na tumbo linajaa bila mpangilio.

Miaka ya kuelekea kukoma hedhi, kuna miezi yai halipevuki kabisa, homoni hupanda na kushuka ovyo, na tumbo hufuata. Hata hivyo usilikabidhi kila jambo kwa umri: aya ya mwisho ya swali la 15 inakuhusu.

22. Niliondolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe. Mbona kila mwezi tumbo bado linajaa?

Uliza, au soma kwenye karatasi ya hospitali, kama ovari ziliachwa. Mara nyingi huachwa kwa mwanamke ambaye bado hajakoma hedhi. Damu haitoki kwa kuwa hakuna kizazi, lakini ovari zinaendelea kupevusha na projesteroni inapanda na kushuka kama zamani. Mzunguko upo, umepoteza alama yake tu. Daftari la swali la 6 bado linafanya kazi: badala ya damu, hesabu kuanzia siku matiti yanapoacha kuuma.